DISKI NGUMU SI SANDUKU LA CHUMA



Safari hii hatuandiki juu ya mpira wala juu ya wale wanaochelewa asubuhi. Tunataka kuandika juu ya kitu kidogo kinachoweza kulala katika kiganja cha mkono. Wengi wetu hatujakiona kwa macho, lakini majina yetu yote yamo ndani yake. Kitu hicho ni diski ngumu ya ordinatere. Tuko na neno la kusema juu yake, na tunaomba mtu asitukasirikie kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Sababu ya kuandika

Kabla ya likizo kubwa alikuja hapa kijana mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi mwenzetu. Familia yake ilikimbia vita. Walikwenda kwanza Oicha, kisha Beni, kisha mbali zaidi. Huko aliko sasa amepata shule ya kumpokea, lakini shule ile ilimwomba bulteni za miaka aliyosoma hapa. Bulteni zake ziliungua pamoja na nyumba ya wazazi wake. Basi alipanda moto, akalipa na kurudi Eringeti kwa safari ambayo kila mmoja wetu anajua hatari yake.

Alisema kwa adabu: "Papa, niko naomba pointi zangu tu. Hata karatasi moja, yenye muhuri."

Sekretere alimjibu: "Haina shida, mwanangu. Ziko zote mu mashine. Keti pale."

Tulikuwa pale mlangoni, tumeleta chaki. Ordinatere iliwashwa, taa yake ikaonekana, kisha tukasikia: tak… tak… tak… kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Haikufunguka. Wakazima, wakawasha tena. Tak… tak… tak. Waliwasha mara kumi labda. Siku ya pili fundi alikuja, akaweka sikio lake karibu, akatikisa kichwa, akasema: "Diski imekufa. Na kila mara mulipoiwasha, mulikuwa munaiua tena."

Ndipo papa mmoja mzee, aliyefanya kazi ya sekretere zamani, alikumbuka daftari lake kubwa lenye jalada gumu. Alikuwa akiandika humo pointi za kila mwanafunzi kwa kalamu, mpaka siku ile mashine ilipofika na watu wakamwambia apumzike. Walilifungua juu ya meza. Miaka miwili ya kwanza ya yule kijana ilikuwamo, wino wake bado mzuri. Miaka miwili ya mwisho haikuwamo. Alirudi na nusu ya masomo yake katika bahasha.

Watu wengi walilaumu mashine siku ile. Wengine walilaumu umeme, wengine walimlaumu fundi. Sisi tunaona kwamba mashine haikufanya kosa. Kosa lilikuwa katika imani yetu. Tulifikiri kwamba kitu kikiisha kuingia mu ordinatere kimefungiwa katika sanduku la chuma na hakitatoka milele. Kumbe diski ngumu si sanduku la chuma. Ni chombo kinachofanya kazi, kinachochoka, na siku moja kinakufa. Mtu asiyejua hayo hawezi kuitunza.

Diski ngumu ni nini?

Tulimwomba fundi atufungulie ile iliyokufa, maana haikuwa na kazi tena. Ndani mna sahani moja au zaidi, laini na zenye kung'aa kama kioo. Sahani hizo hutengenezwa kwa aluminiamu au kwa kioo, na juu yake hupakwa ngozi nyembamba sana ya sumaku. Pembeni mna mkono mdogo, na mwisho wa mkono ule mna kichwa kidogo kuliko punje ya mchele. Kichwa ndicho kinachoandika na kusoma. Kuandika maana yake ni kugeuza visumaku vidogo vidogo, hiki kielekee huku, kile kielekee kule. Kutokana na mielekeo miwili hiyo tu, mashine hutengeneza herufi zote, pointi zote, picha na nyimbo.

Diski ya ordinatere ya kubeba kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika moja, ndiyo kusema mara 90 kwa sekunde. Tumepiga hesabu katika saa ya fizika: ukingo wa sahani ile unakwenda mbio ya kilometa 65 hivi kwa saa. Ni mbio ya moto kwenye barabara nzuri! Na kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya upepo unaoletwa na mzunguko wenyewe, kwa nafasi ya nanometa chache tu. Unywele wa mtu una unene wa nanometa makumi elfu. Kwa hiyo hata chembe ya moshi wa sigara ni mlima mbele ya kichwa kile.

Kwa kuwa kichwa kinaelea juu ya hewa, diski nyingi za namna hiyo zina kipimo cha mwinuko, karibu meta 3,000 juu ya bahari. Mtu hawezi kuipeleka kwenye kilele cha Ruwenzori, penye meta zaidi ya 5,000, akategemea kwamba itafanya kazi vizuri. Sisi wa Eringeti, na hata ndugu zetu wa Butembo kwenye baridi, hatuna shida hiyo. Shida zetu ni nyingine, na tutazitaja.

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni IBM ya Marekani mwaka 1956, katika mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimeta 61 hivi. Uzito wake ulikuwa karibu tani moja, na iliweza kutunza herufi milioni 5 tu. Leo diski inayoingia mfukoni, yenye kipimo cha terabaiti moja, inatunza herufi bilioni 1,000, ndiyo kusema mara 200,000 ya ile. Visumaku vimekuwa vidogo sana, na kwa sababu hiyo kosa dogo linaharibu mengi kwa mara moja.

Jambo moja lilitushangaza. Ngozi ile ya sumaku ina madini ya kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Katika kadi za umeme za mashine mna tantali, ambayo hutolewa katika koltani, na koltani tunajua inakochimbwa: Rubaya, katika Masisi, iko katika Kivu yetu hii ya Kaskazini. Basi udongo wa Kongo umo katika mashine za dunia nzima. Unarudi kwetu ukiwa umefungwa katika kisanduku, tunainunua kwa bei kali, na hatufundishwi hata saa moja namna ya kuitunza. Hilo linatuumiza.

Inakufa namna gani?

Fundi alitueleza, na sisi tunaandika kwa ajili ya wote.

Kwanza, kupigwa. Diski iliyozimwa inavumilia kuliko ile inayozunguka. Diski inayozunguka ikianguka, au meza ikigongwa kwa nguvu, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Palipokwaruzwa hapaponi tena. Kwa hiyo kufunga kifuniko cha ordinatere ya kubeba mbiombio, kuitia katika mfuko ingali inafanya kazi, na kupanda moto juu ya mashimo ya barabara, ni kuitafutia kifo. Zima kabisa. Ngoja mpaka taa zizimike na sauti ya kuzunguka inyamaze. Ndipo uibebe, tena juu ya magoti yako, si chini ya mizigo.

Pili, umeme mbaya. Hapa kwetu tunategemea jenereta na paneli za jua. Jenereta ikikaribia kukosa esansi, umeme unapanda na kushuka kama mtu mlevi, kisha unakatika. Diski za siku hizi zina akili: umeme ukikatika, mzunguko uliobaki unasaidia kichwa kurudi mahali pake pa kulala. Lakini yale yaliyokuwa yakiandikwa dakika ile yanapotea, na mara nyingine orodha ya faili zote inaharibika. Tusingoje jenereta inyamaze yenyewe. Dakika kumi kabla ya esansi kuisha, tuzime mashine. Na radi zikianza kunguruma, tuchomoe nyuzi ukutani.

Tatu, joto na vumbi. Vumbi la barabara namba 4 wakati wa jua kali linaingia kila mahali. Haliingii ndani ya diski yenyewe, maana imefungwa vizuri na tundu lake la kupumulia lina chujio. Lakini linaziba feni ya ordinatere, na mashine inapata homa. Diski nyingi zimepimwa kufanya kazi mpaka kwenye joto la digrii 60 hivi, si zaidi. Tusiweke ordinatere juu ya blanketi wala juu ya kitambaa cha meza kinachoziba matundu yake. Na tundu la diski lisibandikwe karatasi wala muhuri.

Ine, na hii ni kubwa, uzee. Hata diski iliyotunzwa kama yai itakufa siku moja. Wenye kuitengeneza hutoa dhamana ya miaka miwili, mitatu au mitano, si ya milele. Wao wenyewe wanajua.

Dalili zake ni nini? Sauti ya tak tak, au sauti ya kukwaruza. Mashine inayochukua muda mrefu kufungua karatasi moja. Faili zinazopotea au majina yanayogeuka alama zisizosomeka. Ordinatere inayoganda kila siku. Ukiona moja ya hizo, usiwashe na kuzima mara kumi kama tulivyofanya sisi. Kama bado inafunguka, nakili kwanza yale yenye maana kuliko yote, kisha mengine. Kama haifunguki, iache na umwite mtu anayejua. Usiipige, usiitie katika baridi ya friji, usiifungue kwa bisibisi nyumbani. Ile tuliyoifungua ilikuwa maiti tayari.

Tena tujue neno moja juu ya kufuta. Ukifuta faili kwa makosa katika diski inayozunguka, mara nyingi kitu chenyewe hakijatoka. Mashine imefuta jina tu katika orodha, kama mwalimu anayepiga mstari juu ya jina la mwanafunzi katika daftari, na mwanafunzi bado ameketi kwenye benchi. Atatoka siku mwingine atakapokuja kuketi mahali pake. Kwa hiyo ukifuta kwa makosa, acha kuandika kitu kingine chochote, uitafutie fundi. Lakini neno hilo liko na upande wa pili: mashine ya zamani inayouzwa au kutupwa inaweza kumwambia mgeni mambo yenu yote.

"Lakini tuko na flashi!"

Wengi watasema hivyo. Ndugu zetu, flashi ni nzuri kwa kubeba, si kwa kutunza. Haina sahani wala kichwa. Inatunza chaji za umeme katika vyumba vidogo sana, na vyumba hivyo vinachakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Zile diski mpya zinazoitwa SSD ni za ukoo huo, ingawa zina nguvu zaidi. Hazizunguki, hazina kelele, zinavumilia kugongwa kuliko diski za sahani, na kwa hiyo zinafaa sana kwa njia zetu hizi. Lakini nazo zinakufa, na mara nyingi zinakufa kimya, bila tak tak ya kukuonya. Na faili iliyofutwa mu SSD ni vigumu kuirudisha. Tena zikiwekwa muda mrefu sana bila umeme, chaji zinaweza kudhoofika.

Na flashi inapita mikono mingi. Unaichomeka katika nyumba ya fotokopi, inatoka na virusi, unaichomeka katika ordinatere ya shule, na kesho kila faili imegeuka kitu usichokijua. Sisi wenyewe tumefanya dhambi hiyo, tukitafuta nyimbo.

Mahali pamoja ni hatari

Sasa tunafika kwenye neno letu lenyewe.

Watu wa Eringeti hawahitaji kufundishwa na Mzungu namna ya kutunza kitu. Tangu mwezi wa 10 wa mwaka 2014, mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni, mama zetu wamejifunza. Mama hafungi mbegu zote katika nyumba moja. Nusu iko kwake, nusu iko kwa dada yake Oicha. Na familia ikikimbia usiku, karatasi hazibebwi na mtu mmoja. Mama anabeba kadi za kura, kaka mkubwa anabeba diplomu, shangazi anabeba karatasi za shamba. Mmoja akipotea, au mzigo wake ukianguka, si vyote vinapotea. Hakuna aliyewaandikia sheria hiyo. Wameilipia kwa machozi.

Basi tunauliza: kwa nini mbegu ziko katika nyumba mbili, na majina ya watoto yako katika kisanduku kimoja?

Tarehe 29 Novemba 2015 washambuliaji waliingia hapa Eringeti, na hata hospitali haikuachwa. Waliokuwa wadogo wakati ule wanakumbuka. Siku kama ile, nani atarudi ofisini kuchukua ordinatere? Hapana mtu, na hatutaki mtu afanye hivyo. Uhai wa mtu hauwezi kulinganishwa na mashine. Lakini ndiyo maana kopi inapashwa kuwa mbali kabla ya siku ya shida, ili hapana mtu aanze kuwaza juu ya ordinatere wakati anapopashwa kukimbia.

Wala si vita tu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2002, Nyiragongo ililipuka na moto wake ukaingia katika mji wa Goma, ukafunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Mwezi wa tano wa mwaka 2021 mlima ule ulilipuka tena. Nyumba ikifunikwa na mawe ya moto, daftari na diski ni sawasawa tu. Hatuandiki basi kusema karatasi ni bora kuliko mashine, au mashine kuliko karatasi. Daftari la papa mzee lilimsaidia yule kijana kwa sababu lilikuwa mahali pengine, katika kabati nyingine, si kwa sababu ni karatasi. Lingaliungua nalo, tungekaa bure.

Wengine husema: "Tutie vyote mu intaneti, mu wingu, tumalize." Wingu ni jina tu. Wingu ni nyumba kubwa yenye diski nyingi za watu wengine. Tarehe 10 Machi 2021 nyumba moja ya namna hiyo, ya kampuni OVH, iliungua katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Wateja wengi waliokuwa na kila kitu katika nyumba ile peke yake walipoteza kazi zao, na wengine hawakuzipata tena. Waliokuwa na kopi mahali pengine waliendelea. Kama hilo limewapata watu wenye umeme saa 24 na magari ya zimamoto, sisi ni nani? Intaneti ni nzuri kama kopi ya tatu, kwa siku ile mtandao unaposhika na mega zinapopatikana. Isiwe ya kwanza na ya mwisho.

Mafundi wako na hesabu yao rahisi: tatu, mbili, moja. Kopi tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Tuishike hiyo kama tunavyoshika meza ya kuzidisha.

Watakaotupinga

Tumesikia tayari maneno ya wengine. Wa kwanza wanasema: "Watu wanakufa kwa mapanga, na ninyi munalilia kisanduku?"

Tunajibu kwa heshima. Hatulilii kisanduku. Yule kijana hakuja kutafuta chuma. Alikuja kutafuta neno moja: kwamba alikuwa hapa, alisoma, alipata pointi zake kwa jasho lake. Adui alichoma nyumba ya baba yake. Kile kilichobaki cha miaka yake kilikuwa mikononi mwetu, na sisi tumekipoteza kwa uvivu. Mtu aliyefukuzwa katika shamba lake hawezi kubeba shamba. Anaweza kubeba alichojifunza, na karatasi inayoonyesha hivyo. Kama tukishindwa kumtunzia hiyo, tumemwongezea hasara kwa mikono yetu.

Wa pili wanasema: "Franka ziko wapi?" Ni neno la kweli, hatuwezi kulidharau. Wazazi wengi hawafiki tena kwenye mashamba yao ya kakao, na minervali yenyewe ni ngumu kulipa. Lakini hatuombi mashine mpya kwa kila ofisi. Tunaomba diski mbili za nje na daftari moja. Sisi wa humanite tuko tayari kufanya salongo. Jumamosi mbili tu za kubeba mchanga na matofali kwa anayejenga, na pato lote liende kwenye kazi hii. Tumehesabu mikono yetu, inatosha.

Wa tatu wanasema: "Hiyo ni kazi ya wakubwa, si ya wanafunzi." Wazee wetu, majina yaliyopotea si ya wakubwa. Ni yetu.

Tunaomba nini?

Kwanza, kila mwisho wa muhula, pointi zote zichapishwe kwenye karatasi, zitiwe sahihi na muhuri, na ziingizwe katika daftari kubwa kama zamani. Papa mzee yuko, mkono wake bado ni mzuri. Amfundishe mmoja wetu kabla hajachoka.

Pili, ziwepo diski mbili za nje. Moja ikae ofisini, katika kabati, mbali na ordinatere na bila kuchomekwa kila siku. Nyingine ikae Beni au Butembo, kwa mtu mwaminifu ambaye uongozi utamchagua. Kila muhula zibadilishane, ile ya hapa iende, ile ya kule irudi iandikwe mapya. Juu ya kila moja ibandikwe tarehe iliyonunuliwa, na baada ya miaka mine au mitano tusiiamini tena peke yake.

Tatu, kopi zijaribiwe. Kopi ambayo haijafunguliwa ni kama ngoma ambayo haijapigwa, hujui kama imepasuka. Kila muhula watu wawili wafungue diski, wachague majina matatu bila kupanga, wasome pointi zao, walinganishe na daftari.

Ine, ziwe na neno la siri. Orodha ya majina ya watoto na vijiji vyao, katika sehemu kama hii yetu, haifai kuanguka katika mikono ya yeyote. Neno la siri lijulikane na watu wawili wanaoaminiwa, si mmoja, maana mmoja akikimbia au akifariki, tutakuwa na diski nzima isiyofunguka.

Tano, kila darasa lipewe saa moja ya kujifunza haya tuliyoandika. Hata asiye na ordinatere nyumbani iko na siku atakayofanya kazi katika ofisi, katika hospitali, katika kanisa, katika duka. Siku hiyo asije akasema kwa mtu aliyetoka mbali: "Mashine inagoma, rudi kesho."

Na kwetu sisi wanafunzi: tuache kuchomeka flashi zetu katika mashine ya ofisi. Tusiombe nyimbo pale. Tusimdanganye sekretere kwamba ni "kazi ya mwalimu". Tukitaka wakubwa watunze majina yetu, tusiwe sisi wa kwanza kuyaletea ugonjwa.

Neno la mwisho

Ile diski iliyokufa iko bado, katika boksi la chaki, juu ya kabati. Sahani yake inang'aa, mtu anaweza kujitazama uso ndani yake. Tumeomba isitupwe. Iletwe katika darasa la fizika, wadogo wetu waishike na kuona ule mkwaruzo mdogo, mwembamba kama uzi wa buibui, uliochukua miaka yote ile.

Yule kijana aliandikiwa karatasi ya miaka miwili. Kwa miaka mingine miwili, walimu watatu waliomfundisha wameanza kutafuta katika madaftari yao wenyewe, yale ya nyumbani, yaliyobaki baada ya kukimbia mara nyingi. Mmoja amepata pointi za hesabu za mwaka mmoja. Mwingine anatafuta bado. Tunawashukuru sana. Na kama kuna mwanafunzi aliyekaa naye darasani, aliyetunza karatasi yoyote ya wakati ule, palmaresi iliyonakiliwa kwa mkono au hata orodha ya ulizo, ailete ofisini wiki hii.

Ni sisi, wanafunzi wa humanite.